Barometa Haimjui Kiboko

Inasimuliwa kwamba asubuhi ya tarehe 2 Juni 1932, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kijana mkulima aitwaye George Perry aliamka akakuta mvua imelowesha shamba lisilimike. Basi akaenda kuvua. Katika maji ya Montgomery Lake akamnasa besi wa kilo 10.09, mkubwa kuliko yeyote aliyewahi kuandikishwa. Alimpeleka dukani akapimwa, kisha familia ikamla. Rekodi hiyo ilikaa peke yake hadi Julai 2009, Manabu Kurita alipomtoa besi wa uzito unaokaribiana nayo mno katika ziwa Biwa, Japani, na tangu hapo wawili hao huhesabiwa kuwa wamelingana.

Sasa, ile mvua ilifanya kazi gani? Ilimfanya samaki ale, au ilimfanya Perry asilime? Wanaomvua kwa mshipi besi, samaki huyu mwindaji wa mdomo mpana na subira fupi, wamebishana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi bila wenyewe kujua kwamba ni maswali mawili. Mmoja anazungumza juu ya samaki, mwenzake anamjibu juu ya mvuvi, na wote wanadhani wanazungumza juu ya hali ya hewa.

Baraza linalofuata ni la kubuni, na ndiyo maana waliomo hawana majina. Hoja zao si za kubuni. Limewekwa kando ya Ziwa Naivasha, Kenya, kwa sababu besi aliletwa humo kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 ili wazungu wapate samaki wa kushindana naye, na kanuni za kumvua zikafuata baadaye katika vitabu, majarida na sasa programu za simu. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya nchi yenye theluji. Naivasha iko chini kidogo tu ya ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890.

Wa kwanza kusema ni Mgeni wa Texas, Mkenya aliyeishi Dallas miaka mingi na ambaye Jumamosi zake humalizikia Lake Fork, mashariki mwa mji huo. Amerudi likizo na sanduku la chambo bandia ambalo forodhani lilifunguliwa mara mbili.

"Mimi sitoki nyumbani kabla ya kutazama barometa," anasema. "Ikianza kushuka, naomba ruhusa kazini. Ikipanda baada ya dhoruba, nakata nyasi za uani."

Anaeleza. Kule kwao, majira ya baridi na ya kuchipua, hewa baridi hushuka kutoka Kanada na kusukuma mbele yake hewa yenye joto na unyevu iliyotoka Ghuba ya Mexico. Siku moja kabla ya ukingo wa baridi kufika, upepo huvuma kutoka kusini, mawingu hutanda, mgandamizo wa hewa hushuka, na besi hula kana kwamba ameambiwa kesho hakuna. Ukingo ukishapita, upepo hugeuka ukatoka kaskazini-magharibi, anga hutakata likawa buluu tupu, na barometa hupanda. "Kijighuba ni kile kile, chambo ni kile kile. Jana walikuwa wanakifukuzia hadi ubavuni mwa boti. Leo nakipitisha mbele ya pua, hata hatingishi pezi. Ni ule mgandamizo, jamani. Besi ana kibofu cha hewa tumboni, na kibofu chake kimefungwa, hakina mlango wa kutolea hewa mdomoni. Hewa ya nje ikibadilika, tumbo linamsumbua. Wewe ukiumwa tumbo unakula?"

Daktari, mtaalamu wa samaki, anacheka kwanza. Halafu anaomba kalamu.

"Kaka, kuhusu kibofu umesema kweli. Kimefungwa, na gesi yake huingia na kutoka kupitia damu, taratibu, kwa saa nyingi. Lakini tufanye hesabu. Maji ni mazito. Samaki akishuka sentimita moja tu, mgandamizo unaomkandamiza unaongezeka kwa karibu hektopaskali moja. Huo ukingo wako wa baridi unabadilisha hewa kwa kiasi gani? Ishirini? Thelathini?"

"Thelathini ni dhoruba kubwa."

"Basi dhoruba kubwa ni sentimita thelathini za maji. Samaki akitaka kuikwepa ateremke urefu wa rula ya mwanafunzi. Na huyo besi, akitoka chini ya gogo kumfuata dagaa juu, anapanda mita mbili kwa nukta moja, na tumbo halimuumi. Mwaka 1979 kimbunga Tip katika bahari ya Pasifiki kilishusha hewa hadi hektopaskali 870, kiwango cha chini kabisa kuwahi kupimwa usawa wa bahari. Kutoka hali ya kawaida hadi hapo ni kama mita moja na nusu ya maji. Kimbunga kikali namna hiyo, na besi angekilipa kwa kuzama kimo cha mtoto wa shule."

Mgeni ananyamaza kidogo. Si kwamba amekubali. Anasema hesabu ni safi, ila yeye ameona kwa macho, na wenzake wameona, na wale wa mashindano wanaolipwa fedha nyingi wameona. Watu wote hao hawawezi kuwa wanaota.

Hapa ndipo mabishano ya aina hii huharibika kwa kawaida, kila upande ukirudia sentensi yake kwa sauti zaidi. Daktari anaepa mtego huo.

"Mlichokiona ni kweli. Mimi sibishii kwamba samaki huacha kula. Nabishia mliyemkamata kuwa mkosaji. Barometa ni mbiu ya mgambo: inatangaza kuna jambo, yenyewe si jambo. Mgandamizo ukishuka, nyuma yake yanakuja mawingu, upepo na joto. Ukipanda, yanakuja jua kali, utulivu na baridi. Hayo ndiyo yanayoingia majini."

Tukae hapo kidogo, kwa maana hapa ndipo penye nyama.

Joto kwanza. Besi hana joto lake mwenyewe; mwili wake una joto la maji yaliyomzunguka. Kwa makadirio ya kawaida ya wanabiolojia, maji yakipoa kwa nyuzi kumi, matumizi ya nguvu katika mwili wa samaki hushuka karibu nusu. Anayetumia nusu ya nguvu hahitaji kula kama jana, wala hana haraka ya kuyeyusha alichokula jana. Maji ya kina kifupi, yale ya kwenye vijighuba ambako wavuvi hupenda kutupa, ndiyo yanayopoa upesi usiku mmoja wa anga tupu. Kwa hiyo besi ama hushuka kwenye kina, ama hujibana kwenye kichaka chake na kungoja. Hajafunga mdomo, amepunguza umbali anaokubali kuufuata mlo. Mgeni anapovuta chambo kwa kasi ya jana, anamkimbiza samaki wa leo.

Mgeni anaiunga mkono hoja hii kwa mfano wake mwenyewe, na kwa hilo apewe heshima yake. Februari 2015 mashindano makubwa ya Bassmaster Classic yalifanyika Lake Hartwell, South Carolina, katika baridi iliyogandisha maji. Kwa imani ya barometa, na kwa baridi ya vidole, wavuvi wangekaa hotelini. Casey Ashley, mwenyeji wa jimbo hilo, alishinda kwa kuvua kwenye kina kirefu, akitumia chambo alichotengenezewa na baba yake na kukivuta polepole. Na rekodi ya jimbo la Texas, besi wa zaidi ya kilo nane, ilipatikana Lake Fork mwezi Januari 1992, katikati ya majira ya baridi, na aliyeipata, Barry St. Clair, hakuwa hata akimtafuta besi. Alikuwa ameshusha samaki mdogo hai chini kabisa akitaka samaki wa aina nyingine.

"Unaona?" Daktari anasema. "Baridi haikuwazuia kula. Iliwahamisha."

Kisha mwanga. Besi huwinda kwa kuvizia, na mwanga hafifu unampa faida kwa sababu yeye anamwona mlo wake kabla ya mlo kumwona. Siku ya mawingu huthubutu kutoka, huzurura, hufuata windo mahali pa wazi. Siku ya jua kali hurudi kivulini: chini ya gati, chini ya mti ulioanguka, kwenye ukingo wa majani. Mvuvi anayetupa mahali pale pale siku zote mbili atasema siku ya pili samaki wamekataa. Wamekataa pale.

Upepo ndio unaopewa heshima ndogo kuliko stahili yake. Mtalii huuchukia kwa sababu unapindua mshipi na kusukuma boti. Lakini upepo ukivuma nusu siku kuelekea ukingo mmoja, husukuma huko maji ya juu pamoja na planktoni. Samaki wadogo hufuata planktoni, na besi huwafuata samaki wadogo. Viwimbi navyo huvunja mwanga, vikafanya saa sita mchana ionekane kama saa kumi na mbili kwa aliye mita mbili chini. Tena hukoroga hewa ndani ya maji. Wavuvi wengi wa Marekani wenye uzoefu, wakiulizwa kitu kimoja wangependa kujua kabla ya kutoka, hawataji mgandamizo. Huuliza upepo umevuma kutoka wapi tangu jana.

"Hata mimi huuliza," Mgeni anakiri. "Lakini barometa nayo naitazama."

"Itazame," Daktari anamjibu. "Hata mimi naitazama. Ila usimfunge jela mpiga mbiu."

Mzee wa Kamere, mvuvi wa mwalo wa papa hapa ziwani, amekuwa akifuma wavu uliokatika, na watu walikuwa wameshamsahau. Amevua Naivasha tangu enzi ambazo besi walijaa. Anaweka wavu chini.

"Kijana wangu," anamwambia Mgeni, "hiyo baridi ya Kanada hapa inafika saa ngapi?"

Kicheko. Kisha Mgeni, kwa adabu: "Haifiki, mzee."

"Basi mimi nitajuaje siku ya kulala?"

Swali la mzee linaonekana la mzaha, lakini ndilo linalobomoa nusu ya maktaba ya uvuvi wa besi. Karibu na ikweta mgandamizo wa hewa hausukumwi huku na huko na dhoruba kama kaskazini. Hupanda na kushuka kwa ratiba: hufika kileleni kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka chini kabisa kama saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, kila siku, kwa hektopaskali chache. Ni jua linalopasha angahewa joto na kuifanya itikisike mara mbili kwa siku. Kama mgandamizo ndio ungekuwa unafunga na kufungua midomo ya samaki, besi wa Naivasha wangekula kwa kengele.

Tena kuna kichekesho cha simu. Mgeni anatoa yake na kuonyesha: programu inasema mgandamizo ni 1,015, "siku ya nyota tatu". Daktari anamweleza kwamba namba hiyo imerekebishwa ili ionekane kama Naivasha iko pwani. Hewa halisi iliyo juu ya ziwa ni kama 810. Samaki wa hapa hajawahi kuishi siku moja kwenye hiyo 1,015. Nyota tatu amepewa samaki wa Mombasa, na Mombasa hakuna besi.

"Saa kumi alasiri hewa inashuka, umesema?" Mzee anauliza.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na saa hiyo hiyo upepo umeshaamka ziwani. Asubuhi maji yametulia kabisa. Mchana ukiingia upepo unaanza, alasiri ni mawimbi. Samaki akila saa kumi, nani atajua amefuata hewa au amefuata wimbi?"

Hakuna anayejibu upesi. Mwanafunzi wa takwimu hulipa karo ya chuo kikuu kufundishwa hilo: mambo mawili yakija pamoja kila siku, kutazama peke yake hakutakuambia lipi limemleta mwenzake. Texas, upepo, mawingu na barometa husafiri katika msafara mmoja. Naivasha, upepo na barometa hukutana kila alasiri. Hesabu ya sentimita ndiyo inayowatenganisha, na kwa upande wa mwandishi wa makala hii, raundi hiyo ni ya Daktari.

Lakini Mzee hajamaliza, na anayoyaleta sasa hayamo katika kitabu cha mmoja wala cha mwenzake.

La kwanza ni kwamba mvua inayomhusu hainyeshi Naivasha. Mji uko bondeni na hukaa kavu. Mvua kubwa hunyesha Nyandarua, na maji mengi ya ziwa huletwa na mto Malewa. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, anga la Naivasha linaweza kuwa jeupe huku upande wa kaskazini wa ziwa ukigeuka rangi ya chai ya maziwa. Besi huwinda zaidi kwa macho. Kwenye tope hutegemea mitetemo anayoisikia ubavuni, na hapo chambo kinachotikisika na kupiga kelele humfaa mvuvi kuliko kile cha rangi nzuri. "Kwa hiyo mimi," asema Mzee, "siangalii juu. Naangalia milimani."

Daktari anaongeza kwamba tope si la mvua peke yake. Ziwani humu wamo kapu, samaki wachimbaji walioanza kuonekana mwaka 2001 na ambao baadaye walitawala nyavu. Kapu hufukua sakafu ya ziwa akitafuta chakula, na maji hayatulii. Kabla yake, mwaka 1970, aliletwa kamba wa Louisiana. Besi walimpenda sana mdomoni, lakini kamba huyo naye alikula mimea ya majini ambamo besi walikuwa wakijificha. Unaweza kujua kila kitu kuhusu mawingu na bado ukavua ziwa ambalo kivuli chake kimeliwa.

La pili ni gugumaji. Texas kivuli kina anwani: gati la fulani, gogo la mahali fulani, na wavuvi huweka alama kwenye ramani ya setilaiti. Naivasha sehemu kubwa ya kivuli huelea. Mikeka ya gugumaji na vipande vya mafunjo vilivyong'oka husukumwa na upepo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Palipokuwa na kivuli jana jioni leo ni maji matupu. Hivyo upepo wa jana hausukumi chakula tu, unahamisha nyumba. Mgeni anasikiliza kwa makini sasa, ameacha simu mezani. Anauliza kama besi hukaa katikati chini ya mkeka. Daktari anatikisa kichwa: chini ya mkeka mnene oksijeni hupungua, kwa kuwa mwanga haufiki na majani yanaoza. Pembeni ndiko kunakofaa, hasa upande unaopigwa na mawimbi.

Oksijeni haimsumbui mvuvi wa Texas isipokuwa kiangazi, maji ya juu yanapokuwa moto na yale ya chini yakakosa hewa, samaki wakabanwa katika tabaka la kati. Naivasha suala hilo lina sura nyingine. Maji ya mwinuko huu, yakiwa na joto la nyuzi ishirini na kitu, hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu ya tano kuliko maji ya joto lile lile pwani. Ziwa ni la kina kifupi, mita chache tu sehemu kubwa, isipokuwa upande wa Crescent Island, na upepo wa alasiri hulikoroga. Siku ambazo upepo hauji, huku mto ukiingiza uchafu unaooza, ndizo za hatari. Februari 2010 samaki wengi walipokutwa wamekufa, wapo waliozilaumu dawa za mashamba ya maua na wapo waliosema ni upungufu wa oksijeni. Mabishano hayo yalikuwa makali kuliko haya.

Na la tatu ni kiboko.

Kila kitabu cha besi kinasema: alfajiri na machweo. Mwanga hafifu, maji tulivu, samaki jasiri. Mgeni amepanga kuingia ziwani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mzee anamtazama kama mtu anayemtazama mtoto akichezea kisu.

"Saa hiyo kiboko anarudi majini kutoka malishoni. Anapita pale pale kwenye mafunjo unapotaka kutupa ndoano. Jioni anatoka. Wewe umesimama katikati ya njia yake na fimbo ya plastiki."

Naivasha imezika wavuvi kwa sababu hii, zaidi wale wanaovua kwa miguu, wakiwa wamezama hadi kifuani kwa kukosa mashua. Saa bora ya samaki na saa mbaya ya binadamu ni saa moja. Kwa hiyo Mzee hungoja jua lipande, kisha huvua hadi upepo uanze kupiga mashua. Anajua anaacha samaki nyuma. Kwa kipimo cha Texas anavua saa mbovu kabisa, za jua kali na maji yasiyo na kiwimbi. Kwa kipimo cha kurudi nyumbani, amechagua vizuri.

Hadi hapa wanaume wawili na Daktari wamezungumza kama kwamba kutoka au kutotoka ni jambo la maarifa. Mama Samaki, anayenunua mwaloni na kuuza mjini, amekuwa akisikiliza huku akihesabu ndoo zake.

"Mimi nina swali dogo," anasema. "Petroli ya nani?"

Anamgeukia Mgeni. "Wewe hali ikikataa unarudi hotelini kunywa chai. Samaki ukimpata unampiga picha unamrudisha. Sikulaumu, mwanangu, ni mchezo na umelipia leseni. Lakini huyu mzee akilala leo kwa sababu ya hewa, kesho mwenye injini anataka pesa yake. Watu hawatoki kwenye mawimbi kwa sababu hawajui mawimbi. Wanatoka wakijua."

Daktari anasema utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa siku hizi hufika kwenye simu. Mama anakubali kwamba hufika. Anaongeza kuwa kijana wake ameupokea mara nyingi akiwa tayari ziwani.

Hoja hii ingestahili makala yake peke yake, na inasogeza swali la Perry mbele. Mvua ya Georgia ilimpa ruhusa ya kuvua kwa sababu kazi iliyokuwa ikimlisha ilikuwa shambani. Mvuvi wa Naivasha hana shamba la kulowa. Hali ya hewa hiyo hiyo kwa mmoja ni likizo, kwa mwingine ni hasara, na hakuna chati ya nyota inayotenganisha wawili hao.

Mgeni, ambaye si mtu mbaya, anasema kuna jambo moja ambalo hata mwenye deni asibishane nalo: radi. Kati ya 2006 na 2012, idara ya hali ya hewa ya Marekani ilipochunguza watu waliouawa na radi nchini humo, shughuli ya burudani iliyoongoza kwa vifo ilikuwa uvuvi, watu 26. Gofu, ambayo kila mtu huidhania, ilikuwa na 8. Sababu haihitaji daktari. Mvuvi yuko mahali tambarare, ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na mkononi ana fimbo ya kaboni inayopitisha umeme. Zaidi ya hayo yuko mbali na nchi kavu, na saa ile kabla ya dhoruba ndiyo aliyoambiwa samaki wanakula. "Huo ndio ubaya wa kanuni yangu," anasema. "Inaniambia nikae hadi dakika ya mwisho."

Kule zamani ilifundishwa kwamba ukiona mmweko na kusikia ngurumo kabla ya kumaliza kuhesabu hadi 30, uwe umeshafika mahali salama, na bado hufundishwa usirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mzee anasema yeye hahesabu. Akiisikia, anapiga kasia. Daktari anasema Mzee ndiye aliye sahihi, kwa maana ngurumo ikishasikika radi inaweza kufika.

Giza linakaribia na kuna safari ya kupanga. Mgeni bado anataka alfajiri. Mzee amesema mashua yake haitoki kabla ya saa mbili asubuhi, na wengine mwaloni watamwambia vivyo hivyo. Mama anataka kujua ni nani atalipa petroli ya kurudi mapema upepo ukianza, na Mgeni anakubali ni yeye, pamoja na fidia ya siku ya Mzee hata wasipopata kitu. Daktari anampa kipimajoto chenye kamba, akimtaka apime maji juu na chini kila watakaposimama na kuandika upepo unakotoka.

Kilichobaki ni wapi pa kuanzia. Daktari anachagua mdomo wa Malewa, pale maji ya tope yanapokutana na yaliyo safi, kwa kuwa besi anaweza kujificha upande mmoja na kuona upande wa pili. Mzee anasema juzi milima ya Nyandarua ilikuwa myeusi kutwa nzima. Mpaka wenyewe utakuwa umesogea mbali, na watakuta uji mtupu. Yeye angekwenda kusini, kwenye ukingo ambako gugumaji limeegemea tangu jana. Mgeni anaichukua simu kuangalia upepo wa kesho, na Mzee anamuuliza simu hiyo imewekwa Naivasha au Mombasa.